Anadaiwa Kuchinja Punda

Jumatatu, 8 Septemba

Damu mezani tangu asubuhi. Salgaa, dereva wa lori kachomwa kisu cha shingo na mwenzake wakigombania mwanamke. Njoro, mtu na babake, panga, sababu ni ndama. Rhonda, mwizi wa mitungi ya gesi kachomwa moto, hajatambuliwa. Nimezigeuza Kiswahili zote kabla ya chai, na mandazi yangu nimeyala vizuri tu. Redio imenifanya sugu.

Nimegombana na Chifu. Si chifu wa serikali, ni mhariri wetu mpya kutoka Nairobi, tumembandika jina hilo kwa sababu anapenda kuitisha mikutano. Taarifa za polisi hutufikia kwa Kiingereza, mimi huzitafsiri na kuzisoma saa saba mchana. Leo alinijia na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika kwamba yule mwanamke wa Salgaa alisema, kisha akashikilia, kisha akakiri. Kila neno na mahali pake. Kayakata yote.

"Zuhura, wacha hii Kiswahili ya Mombasa. Claim ni kudai. Allege ni kudai. Hata assert, weka tu kudai. Story iende."

Mombasa sijawahi kulala hata usiku mmoja. Babu alikuja Nakuru na reli, sisi tumezaliwa mtaa wa Bondeni. Lakini ukisema "hawa watu" badala ya "hii watu" mjini hapa, tayari wewe ni wa pwani.

Nilimweleza. Kudai si kusema. Anayedai anataka kitu ambacho bado hakimo mkononi mwake. Ukitangaza kwamba mama fulani anadai amepigwa, umeshamtilia shaka kabla hajafuta machozi. Chifu alinitazama tu, kama anangoja mvua iishe.

Tulipatana mahali pamoja. "Anadaiwa". Hilo nalipenda, sikatai. Hatusemi ameua, tunasema anadaiwa kuua. "Hiyo ndiyo lawyer wetu," Chifu akasema. Kweli kabisa. Miaka yote niliyosoma habari neno hilo limetukinga, sisi na washukiwa.

Jumanne, 9 Septemba

Salim amepita nyumbani kumletea Mama maini. Ni mdogo wangu wa mwisho, mchinjaji kule Kikopey, nyuma ya mabucha ya barabarani. Wenye hoteli humtaka Mwislamu ashike kisu ili kila mteja ale bila wasiwasi. Mkono mwepesi. Humshika ng'ombe paji la uso kwanza, mnyama anatulia. Mtu wa maneno machache toka utotoni.

Nikamtania kwamba yeye analipwa kwa kutamka jina la Mungu tu, mimi natamka habari za dunia nzima na bado nguo nanunua mitumba. Akacheka. Akasema hanikosi saa saba, hata akiwa na damu hadi kwenye viwiko.

Mama amekaanga maini na vitunguu. Tumekula watatu kwenye sinia moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Kwato ya punda imeokotwa mtaroni Kikopey. Msikilizaji alitupigia asubuhi, anafoka, kwamba tumekuwa tukilishwa punda. Polisi wakachukua nyama ya kupima. Taarifa yao ikaja: mistari minne ya Kiingereza, mchinjaji mmoja, jina halikutajwa.

Nikauliza jina. Hakuna. Kikopey ina wachinjaji kadhaa. Nikampigia Salim, simu imezimwa. Huizima akiwa na kisu. Nikamwomba Chifu tungoje taarifa ya jioni.

"Wenzetu watatupita. Na si tunasema alleged?"

Nikaandika: Mchinjaji mmoja wa Kikopey anadaiwa kuchinja punda na kuwauzia wenye hoteli nyama hiyo. Studioni nililitia mkazo lile neno, nikalivuta, ili hata mwenye masikio mazito alisikie. Nilitoka nimeridhika. Nilijiona mtu wa haki.

Saa nane simu yangu ikalia. Rukia, mke wa Salim. Alikuwa analia tu, nikamsikia mtu nyuma yake akisema Gilgil, wamempeleka hospitali ya Gilgil.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamemhamishia Nakuru. Nimemwona. Sikumjua. Nilimpita kitandani nikitafuta ndugu yangu kwa wagonjwa wengine, mpaka Rukia aliponivuta mkono.

Taya limevunjika pande mbili. Meno ya mbele hayapo. Jicho la kushoto limefumba, limekuwa jeusi na kubwa kama zambarau. Mbavu. Mgongoni alama za nyaya, nyekundu, zimepishana. Nywele zinanuka petroli. Walikuwa wameshammwagia.

Daktari atalifunga taya kwa waya. Hatafungua mdomo kwa wiki nyingi. Atakunywa uji kwa mrija.

Nataka mtu afe. Nayaandika haya hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuyaandika. Nataka niwapate mmoja mmoja na niwe na chuma mkononi.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama Ciku amekuja wodini na chupa ya supu ambayo Salim hawezi kuinywa. Ni mwenye hoteli ile anayoichinjia Salim, mwanamke mnene, mkono wake wa kulia una bandeji. Alinitoa hadi kwenye ngazi, akanieleza. Nimeyaandika kama alivyoyasema kwa sababu sitaki kuyasahau, na sitaki kuyakumbuka vibaya.

Hoteli ilikuwa imejaa. Matanboi, wale utingo wa malori, watu wa bodaboda, familia moja iliyokuwa safarini. Nyama mezani. Saa saba ikafika. "Salim alitoka huko nyuma na apron yake, akaongeza volume. Yeye hufanya hivyo kila siku. Husema, tulieni kidogo, huyo ni dadangu. Wateja wamezoea."

Yeye ndiye aliyeongeza sauti.

Nikaingia mimi. Nikasoma. Mama Ciku anasema watu waliacha kutafuna wote pamoja. Jamaa mmoja akatema nyama kwenye sahani, akamgeukia Salim. Ni wewe? Salim akajibu kwamba yeye huchinja ng'ombe. Mwingine akasema redio imesema anadaiwa.

Mama Ciku alijaribu. Akawaambia anadaiwa si kusema amefanya. Kijana wa bodaboda akamjibu, "Mathe, kudaiwa ni kudaiwa. Hata kwa kiosk ukidaiwa pesa ya sukuma wiki, si ni kwa sababu ulikula?"

Wakacheka. Walicheka kwanza, kisha wakaanza.

Salim alikuwa na kisu kiunoni. Akakitoa, akakirusha juu ya paa. Angekuwa nacho hawangemkaribia, Mama Ciku anasema, na anamlaumu mpaka leo kwa kukirusha. Mimi najua kwa nini. Kisu kile hakijawahi kuingia kwenye nyama bila jina la Mungu kutajwa. Asingekiinua kwa mtu.

Walimpiga kwa viti. Kwa mbao za kukatia nyama. Tanboi mmoja alileta spana ya magurudumu, hiyo ndiyo iliyovunja taya. Walimburuta hadi kando ya barabara, tairi ikaletwa. Mama Ciku akamwaga sufuria ya mafuta ya moto katikati yao, ndivyo alivyoungua mkono, wakatawanyika kidogo, akamkokota Salim hadi chumba cha kuhifadhia nyama na kukomea mlango wa chuma. Polisi wakamtoa humo, amekaa sakafuni katikati ya mapaja ya ng'ombe.

"Wewe ndiye husoma?" Mama Ciku akaniuliza mwishoni. Nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa, akashuka ngazi polepole.

Jumatatu, 15 Septemba

Jana watu walipiga mawe nyumba ya Salim kule Rhonda. Dirisha lote. Rukia na watoto wamehamia kwetu Bondeni. Ukutani wameandika kwa makaa: PUNDA.

Afande wa polisi amekuja wodini kuandika taarifa. Akamuuliza Salim maswali, Salim akajibu kwa kichwa. Ulichinja punda? Kichwa kushoto, kulia. Ulichinja ng'ombe pekee? Chini. Afande akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili tuthibitishe: "Mwathiriwa anadai ya kwamba hakuchinja punda."

Nikamwambia afute. Hadai kitu. Anakana. Anasema.

"Madam, hiyo ni lugha ya statement. Kila mtu hudai."

Nikapandisha sauti. Nikamweleza, mbele ya wagonjwa, kwamba aliyempiga ndugu yangu hajaandikwa kuwa anadai chochote, kwa sababu hajatafutwa. Wauguzi wakanitoa. Niliporudi, Salim alikuwa ameshika simu ya Rukia, anaandika kwa kidole gumba. Akanigeuzia kioo.

Usinisemee dada.

Akageukia ukuta. Nilikaa pale mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha. Hakugeuka.

Jumatano, 17 Septemba

Chifu ameandika habari ya leo yeye mwenyewe: Mchinjaji wa Kikopey aliyepigwa na umma adai hakuchinja punda. Anajua ni ndugu yangu. Alinipa pole asubuhi, pole ya kweli, alinishika bega. Kisha akanipa karatasi.

Nikamwambia nitasoma "amesema". Au sisomi.

"Amesema vipi na mdomo umefungwa waya?"

Sidhani alikusudia utani. Nadhani alikuwa anauliza tu, kama mhariri. Lakini mkono wangu ulikuwa na kikombe, na chai ilikuwa ya moto. Nilimrushia vyote viwili. Kikombe kilimpata kwenye unyusi, ukapasuka. Damu ikateremka hadi kwenye kola ya shati lake jeupe. Nikaiona damu hiyo na nikafurahi. Furaha ya kweli, tumboni. Kama isingekuwa fundi mitambo kunishika kiuno, ningempiga na kiti.

Niliketi msalani baadaye nikiitazama mikono yangu. Vijana wa Kikopey walicheka kwanza, kisha wakaanza. Mimi hata sikucheka.

Chifu ameshonwa nyuzi. Hakunishtaki. Amesema nirudi wiki ijayo nikiwa nimepoa. Hilo limenikasirisha kuliko kama angenifukuza.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimerudi kazini. Nimeomba radhi. Chifu amekubali, ana plasta kwenye unyusi. Tunaongea kwa adabu.

Salim hanitazami. Nampelekea uji, anakunywa kwa mrija akitazama dirisha. Mama ananiambia nimpe muda, maji yakimwagika hayazoleki. Sijui alitaka kunifariji au kunichoma.

Mama hanunui nyama. Amesema nyumba hii ina mchinjaji wake, tutamngoja. Maharagwe kila siku, na watoto wa Rukia wanalalamika.

Ijumaa, 26 Septemba

Majibu ya maabara yametoka. Ng'ombe. Nyama yote iliyochukuliwa, ng'ombe. Na ile kwato, daktari wa mifugo anasema ni ya punda aliyegongwa na lori barabarani, mbwa wakaburuta mguu hadi mtaroni. Basi. Mbwa.

Chifu alitaka tuiweke ya nne, baada ya habari za mbolea. Nikamwomba ya kwanza. Akakubali, akaniandikia: Uchunguzi wabaini nyama iliyodaiwa kuwa ya punda ni ya ng'ombe.

Nilikaa mbele ya kipaza sauti na karatasi hiyo. Taa nyekundu ikawaka. Nikajua Kikopey redio imewashwa na hakuna wa kuongeza sauti. Nikaiweka karatasi kando.

Nilisema: Ilikuwa nyama ya ng'ombe. Mchinjaji hakuchinja punda. Mtu huyo ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja, na mimi ndiye niliyewasomea ile habari. Mlimvunja taya mkiwa na nyama yake nzuri tumboni. Ng'ombe wenu aliwachinjia kwa jina la Mungu, nanyi mkammwagia petroli. Mwenye kuona aibu na aone.

Kisha nikasoma habari za mbolea.

Chifu alikuwa mlangoni nilipotoka. Hakupiga kelele. Akaniambia niache kitambulisho kwa mlinzi, kampuni itaniita. Nikakiacha. Nilitembea kwa miguu hadi Bondeni, vumbi la Menengai usoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilihisi njaa.

Jumamosi, 27 Septemba

Nilimpigia Mama Ciku. Nilitaka kusikia. Labda nilitaka sifa.

Anasema redio ilikuwa imewashwa na watu walikuwa wanakula. Nilipomaliza, wengine waliweka nyama chini. Tanboi mmoja akatoka bila kumaliza chakula chake. Halafu yule yule kijana wa bodaboda akalamba vidole, akasema, "Si ni dada yake. Anadai tu."

Wakaendelea kula.

Nilikata simu. Nilichukua redio ya jikoni nikaipiga ukutani. Mama aliokota betri moja moja.

Na Salim ameniandikia tena. Alikuwa amesikia, mgonjwa wa kitanda cha pili ana redio. Nilikuambia usinisemee. Sasa kila mwenye redio anajua mimi ni nani.

Yuko sahihi.

Jumatano, 8 Oktoba

Salim ametoka hospitali, jicho la kushoto bado halioni. Yuko kwetu na jamaa yake yote. Hatuna mahali pa kuweka miguu.

Mama Ciku amesema kazi ipo akitaka. Wateja wengine wamesema wasimwone. Rukia anasema hatarudi huko akiwa hai. Salim haandiki chochote kuhusu jambo hilo.

Polisi hawajamkamata mtu. Nimekwenda, nimekwenda tena. Afande ananiambia mashahidi wanadai hawakuona. Alisema hivyo bila kujua alichosema. Safari hii nilicheka, cheko baya, mpaka akanisogezea kiti.

Jumapili, 19 Oktoba

Hakuna jipya. Kampuni haijaniita. Nimeota nimeshika spana ya magurudumu na nampiga mtu asiye na uso. Nimeamka mkono unauma kweli, nilikuwa nimepiga ukuta.

Salim alisikia. Asubuhi alinitazama mkono, akaniletea maji ya chumvi kwenye beseni. Ndiyo mara ya kwanza tangu anigeukie ukuta.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wametoa waya. Daktari alimwambia afungue mdomo. Ulifunguka upana wa kijiko. Akaambiwa aseme kitu, akatikisa kichwa. Nyumbani Rukia alimbembeleza, watoto wakambembeleza. Hakusema.

Mama anadhani anaogopa sauti yake. Mimi nadhani anaiweka akiba.

Jumapili, 2 Novemba

Mama amenunua kuku, jogoo mwekundu, akamfunga kwenye mguu wa meza nje. Tulikunywa chai, jogoo akawika, kila mtu akajifanya hasikii.

Kabla ya adhuhuri Salim aliinuka, akachukua kisu cha jikoni. Akakinoa kwenye ukingo wa ngazi. Cha kwake bado kiko juu ya paa Kikopey. Alimlaza jogoo kuelekea kibla, akamshika kichwa, akangoja. Tukangoja naye. Kisu kisingeshuka bila jina kutajwa, na sote tulijua hivyo, hata watoto.

Akalitaja. Bismillahi ilitoka imepinda, sauti ya s ilivuja kwenye pengo la meno. Lakini ilitoka yote. Mama aliketi chini palepale alipokuwa.

Tulipika supu, kwa sababu yeye hawezi kutafuna. Saa saba ikafika tukiwa mezani. Rukia amenunua redio ndogo, iko dirishani. Msomaji mpya akaingia, msichana mwenye sauti nzuri. Mtu wa Molo anadaiwa kumuua mkewe. Salim akanyoosha mkono kwenye kitufe, kwa mazoea, aongeze sauti. Mkono ukasimama. Akaizima.

Alinitazama kwa jicho lake zima.

"Dada," akasema. "Sema wewe."

Nilionja mchuzi. Nikamwambia supu imepungukiwa chumvi. Akanisogezea kikopo.